Nilivyomwashia Taa Mume wa Bibi Ndelilio

Siku ya kwanza kwenye studio ya filamu, pale Njoro mjini, nilienda na viatu vya kanisani. Mkuu wa Kamera akaniangalia kuanzia chini, akasema, "Dada, hapa tunatengeneza mashetani. Vua hivyo, shika waya."

Nawaandikia nyie mnaotaka kushika kamera sasa hivi. Studio imefungwa, mimi nimerudi nyumbani Old Moshi nakamua ng'ombe. Nikisema nimestaafu mama anacheka, lakini ndiyo hivyo.

Filamu zetu zote zilikuwa za kutisha. Kwanza nilifundishwa taa ya chini: unaiweka chini ya kidevu cha mtu, macho yanageuka mashimo, hata mchungaji anakuwa mchawi. Halafu kupiga usiku mchana. Unabana tundu la lenzi mwanga uingie kidogo, unaongeza bluu, saa saba mchana inageuka usiku. Mkuu wa Kamera alipohamia Arusha, nikapewa nafasi yake.

Ndipo Mwongozaji, mtu wa Dar, akataka kaburi. Hadithi yake ilikuwa ya mwizi anayeingia kwa mjane kufukua maiti. Nikampeleka kwa jirani yetu kule Old Moshi, Bibi Ndelilio, maana kwetu mtu anazikwa kihambani, kwenye migomba ya nyumbani kwake. Mume wake amelala karibu kabisa na jiko. Bibi anamenyea ndizi hapo hapo, huku anampa habari za siku.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Pigeni tu picha, ila mzee wangu msimfanye jini. Nyie mtaondoka, mimi nabaki naye. Nikianza kumwogopa, nitaongea na nani?"

"Usijali bibi," Mwongozaji akajibu. Tulipoingia kwenye migomba akaninong'oneza, "Taa ya chini, kwenye msalaba. Nataka watu wajikojolee."

Bibi alikuwa mlangoni, anatuangalia. Taa ya chini nikampa mwizi. Kaburi nikaliwekea taa yenye kitambaa cheupe mbele, ule mwanga ukawa laini, ukapita kwenye majani ya mgomba kama asubuhi.

"Kaburi lako linapendeza!" Mwongozaji akafoka. "Hii ni filamu ya kutisha au harusi?"

"Bosi, anayetisha ni mwizi. Marehemu yuko kwake."

"Rudia!"

"Turudie vipi? Mvua hiyo." Kweli, ilikuwa inashuka kutoka mlimani, tukakimbiza vyombo.

Filamu tuliionyesha kwenye ukumbi wa shule. Bibi alikaa mbele, kajifunika kitenge usoni. Mwizi alipotokea watu wakapiga kelele, mama mmoja akatupa kandambili. Halafu likaja kaburi. Watu wakarudi kukaa. Nilikuwa nyuma, namwangalia Bibi. Akashusha kitenge kidogo kidogo, akaangalia mpaka picha ikapita.

"Ona alivyopumzika," akasema kwa sauti. "Ila huyo mwizi kanikanyagia magimbi."

Filamu haikuuzika, Mwongozaji akasema ni mimi. Labda. Mimi nasema hivi: ukienda kupiga picha kwa mtu, uliza kwanza nani ataishi na hicho unachokifanya kitishe. Wewe utakunja waya zako, utaondoka.

Jana nilimpelekea Bibi maziwa. Alikuwa kaburini na ndizi zake, anamsimulia mzee habari za mjukuu aliyefeli hesabu. Akanisogezea kigoda bila kugeuka, akaendelea kusimulia.