Mama mkwe ndiye aliyefungua dripu, nesi ndiye anayeadhibiwa

Habari zenu wote. Admin, tafadhali nifiche kabisa, maana ukoo wa mume wangu ni mkubwa na nusu yao wako humu humu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, nimeolewa, nina watoto wawili, naishi Sombetini ambako nashona sare za shule. Siyo mtu wa kulialia mitandaoni, na wanaofanya hivyo huwa nawacheka. Ila leo nimeharibu kitambaa cha mteja kwa mawazo, nikaona bora niseme.

Baba mkwe wangu alikuwa mkulima wa kahawa na ndizi huko juu ya Tengeru. Moyo ulianza kumsumbua, miguu ikavimba, pumzi zikawa za shida, tukamleta hospitali hapa mjini. Daktari akakataza maji. Alipewa kidogo tu kwa siku, kwa sababu moyo ulikuwa hauwezi kuyamudu. Jamani, mtu mzima akuombe maji na wewe umekaa na chupa mkononi! Alikuwa anamwambia mama mkwe, "Mke wangu, hata tone?" Mama anamlowanisha midomo kwa pamba, kisha anageukia ukutani analia. Hao wawili walioana wakiwa wabichi kabisa, hakuna siku nimewahi kuona mmoja anakula kabla mwenzake hajaletewa.

Dawa ya moyo aliwekewa kwenye dripu iliyopitia kwenye mashine, ili iingie polepole. Asubuhi moja nesi alikuja kumbadilisha shati. Ni binti mdogo, mpole, alikuwa hapiti pale bila "Shikamoo babu". Akautoa mrija kwenye mashine ili shati lipite, nikashtuka. Akatabasamu.

"Usiogope dada. Unaona hiki kibanio? Ni vali ya usalama. Mrija ukitoka kwenye mashine kinajifunga chenyewe. Bila hiki, dawa yote ingemwingia kwa mpigo, na kwa moyo wa babu hiyo ni hatari."

Nikaangalia, kweli matone yalikuwa yamesimama. Kabla hajaurudisha mrija, mgonjwa wa kitanda cha pili akazidiwa, nesi akakimbilia huko. Mimi nikachukua shati chafu nikaenda kulifua. Mama mkwe alikuwa bado nje, anasubiri muda wa kuona wagonjwa; mimi niliruhusiwa kuwepo mapema ili kumhudumia mzee.

Niliporudi nilimkuta ameketi kitandani kwa mzee, amemshika mkono, uso umechangamka kama zamani. Akaninong'oneza, "Mwanangu, walikuwa wamemfungia maji! Nimekuta hayadondoki kabisa. Nimebonyeza hicho kidude chao, ona sasa yanavyoshuka."

Mfuko ulikuwa unakaribia kuisha. Nilipiga kelele. Nesi akaja mbio, akafunga, akauliza, "Nani amegusa hapa?" Mama akainamisha kichwa kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Mimi nikanyamaza, nikidhani nesi atagomba tu na mambo yataisha. Madaktari wakajaa, tukatolewa nje. Baba hakuimaliza siku ile.

Tumemzika nyumbani, karibu na migomba yake. Mama hajaambiwa kilichomwondoa mumewe, na kwa akili yake hata hajahisi. Anajua tu kwamba moyo ulichoka. Sasa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, mwenye sauti kuliko wote, amelalamika kwa uongozi kwamba nesi aliacha dripu wazi. Nesi anaapa aliiacha imefungwa. Hakuna anayemsadiki. Amesimamishwa kazi, na Jumatatu tumeitwa kikaoni. Shahidi wa shemeji ni mimi.

"Shemeji, wewe ulikuwepo," aliniambia mbele ya watu msibani, mama akiwa chumbani hasikii. "Utawaeleza yule binti alivyomuua mzee wetu."

Alivyomuua! Nilikuwa nakoroga chakula cha wafiwa, nikatamani kumrushia mwiko.

Usiku ule nilimweleza mume wangu yote. Akasema, "Nesi atapata kazi kwingine. Mimi mama mwingine nitampata wapi?" Tangu hapo hataki niliguse jambo hilo. Nampenda mume wangu, lakini siku hizi akiniita naitika kwa shida. Yule binti naye ana mama yake.

Nikajipa moyo kwamba nitakaa na mama tu, sisi wawili, nimweleze polepole. Jumapili iliyopita baada ya ibada nikapanda nyumbani kwake. Nilimkuta jikoni anamenya ndizi. Nikamsalimia, nikakaa kigodani, nikachukua kisu nimsaidie. Nikasema, "Mama, kuna jambo la kule hospitali." Akanikatiza, akanishika goti.

"Mwanangu, nami nilitaka kukwambia hilo hilo, maana wewe peke yako ndiye unayejua. Kila nikilala nasikia anavyoniomba maji. Halafu nakumbuka siku ile nilimfungulia, nasinzia. Namshukuru Mungu sana. Mume wangu hakufa na kiu."

Nilimenya ndizi mpaka zikaisha. Nilishuka barabarani nalia kwa sauti, wanaopita wanadhani ni uchungu wa msiba tu.

Mama analala kwa sababu ya lile alilolifanya. Yule binti halali kwa sababu hiyo hiyo. Jumatatu nitakaa katikati ya shemeji na yule nesi, naye ataniangalia mimi, kwa sababu anajua nilikiona kile kibanio kimejifunga. Ninyi manesi mlioko humu, na ninyi mnaowapenda mama wakwe zenu kama ninavyompenda wangu, naombeni mniambie bila kunionea aibu. Nikiulizwa nani aliifungua dripu, nijibu nini?