Mkungu Uliofungwa Leso

Marehemu mama yangu, Chepngeno, hakuwa akinunua ndizi za sokoni Sotik. Alikuwa akienda shambani kwa jirani yetu Mogaka, akichagua mkungu ungali mchanga na kuufunga kipande cha leso, alama kwamba ni wake. Mogaka alikuwa akimtunzia mpaka ukomae vizuri.

Baada ya mazishi, Mogaka aliniita nikauchukue mkungu wa mwisho wa mama.

"Lakini mzee, mwenyewe tumemzika. Uza tu."

"Niuze? Mama yako ataniuliza mbinguni. Unamjua alivyo. Alisema ni wa wageni."

Wageni gani? Aliufunga akiwa mzima kabisa. Nilimwomba Mungu anieleze. Jumapili watu wa kanisa walikuja kutufariji, nikawapikia zile ndizi. Walishiba. Mimi bado sielewi alijuaje.