Goti Lililonihukumu Ihanda

Enzi zetu pale Ihanda, mwizi wa kahawa ya kutafuna alitafutwa kwa goti. Kahawa hiyo mama aliiweka kwa ajili ya wageni, nasi tulimalizia harufu tu. Ikipungua, watoto tulikaa kwenye benchi miguu ikining'inia, tukagongwa chini kidogo ya kifuniko cha goti kwa ubavu wa kiganja. Mguu ukiruka, wewe ndiye.

Jumapili moja kaka yangu mkubwa, Deo, alijigonga mwenyewe kwanza. Mguu wake ulitulia kama mgomba usio na upepo. Wangu uliruka. Mama akasema mwizi atabaki nyumbani, wengine waende harusini Kanoni. Nililia mpaka kwikwi, maana anayeolewa alikuwa shangazi yangu.

Mwalimu wa sayansi, jirani yetu, alikuwa anapita kutoka kanisani. Tulimpa shikamoo, mama akamweleza kesi. Akacheka, akamgonga mama goti. Mguu wa mama ukaruka juu, na kitenge chake.

"Waitu jamani, hata mimi mwizi?" mama akauliza.

Mwalimu akatueleza polepole. Ukigonga pale unavuta kano, nayo inaunyoosha msuli wa mbele wa paja ghafla. Habari inakimbia hadi uti wa mgongo, na jibu linatoka hapo hapo: msuli wa mbele ukaze, wa nyuma ulegee usiuzuie. Ubongo unapata taarifa mambo yameshakwisha. Kwa hiyo goti halijui nani kala nini.

Kisha akamwambia Deo afungamanishe vidole vya mikono na kuvivuta kwa nguvu. Akamgonga. Mguu wa Deo uliruka kuliko wetu wote.

"Kumbe mzima," mwalimu akasema. "Mwanzo aliukakamaza mguu; sasa akili imehamia mikononi."

Mama akamgeukia taratibu. "Deo, mwanangu, ulikuwa unajikazia nini?"

Deo ndiye aliyebaki nyumbani. Jioni ile nilicheza Kanoni mpaka vumbi likanifika kiunoni.

Wajukuu wetu leo wana simu zinazojua kila kitu kuhusu uti wa mgongo. Ukiwaambia wakae wagongane magoti, wanajibu kwamba video yake wameshaiona. Sisi hatukuwa na video. Tulikuwa na mwalimu mzima aliyekunja suruali yake ya kanisani, akatuachia goti lake tuligonge mmoja mmoja, mpaka wa mwisho akaelewa.