Siku Meneja Alipotaka Kuwa Mchanga

Dobi alikuwa mtu wa maneno mengi na mikono myepesi. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake: meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, pasi mbili, ndoo ya wanga, na huko uani kamba za nguo hazikupata kupumzika. Watu walisema suruali ikitoka kwake, mkunjo wake unaweza kukata sabuni. Naye hakuona haya kukubali. "Mwambie na jirani yako," ndilo lilikuwa jibu lake.

Msaidizi wake alikuwa bintiye wa miaka minne, ambaye wateja walimpachika jina la Meneja. Alikalia kapu lililopinduliwa, akipanga vibanio kwa rangi na kuwahoji wateja, "Hii shati kaichafua nani?" Kukojoa kitandani alikwisha kusahau. Viatu alivaa mwenyewe, ingawa cha kulia kilipenda kwenda kushoto.

Kisha akazaliwa mdogo wake wa kiume, na Meneja akaacha kazi.

Kwanza shuka ililowa. Halafu akaanza kutambaa, yeye ambaye jana yake alikuwa akikimbia mpaka anakatazwa. Maneno nayo yakampotea. Akitaka maji alisema "mma" na kunyoosha kidole. Kula mpaka alishwe.

Mama mkwe wa Dobi, aliyekuja kumsaidia mzazi, alishika kiuno. "Baba, huyu anawachezea shere. Mbebeshe godoro lake alipeleke nje, majirani wamwone. Kesho hutasikia tena habari hii."

"Mama, kwa shuka usiwe na shaka, zimefika kwa mwenyewe," Dobi akajibu. "Lakini kumwaibisha mtoto, hapana."

"Utamdekeza mpaka aote mapembe!"

"Akiota, nitayanyoosha kwa pasi."

Mama mkwe alitaka kukasirika, kicheko kikamponyoka. Mke wa Dobi, aliyekuwa akimnyonyesha mtoto, yeye hakucheka. Moyo wake haukutulia. Kwa hiyo walipompeleka mchanga kliniki kupimwa uzito, walimweleza nesi yote.

"Si ugonjwa, wala si ukorofi," nesi akawaambia. "Mtoto wa umri huu hajui kusema kwamba ana wivu, ndiyo maana anauliza kwa mwili wake: je, bado mimi ni wenu? Mjibuni. Mwacheni adeke kidogo, atachoka mwenyewe."

Dobi alirudi nyumbani kifua mbele.

Mchana huo Meneja aliingia dukani kwa magoti. "Mimi mtoto," akatangaza.

"Mchanga kabisa?"

"Ee."

"Haya, njoo."

Dobi akachomoa pasi, akachukua shuka safi yenye joto, akamviringisha bintiye mpaka kidevuni. Alimbeba kama alivyombeba zamani, isipokuwa sasa miguu ilining'inia mpaka mapajani pake. Akamwimbia wimbo aliokuwa akiutunga papo hapo, wenye maneno yasiyo na maana yoyote. Meneja akafumba macho, akajilegeza, mwili mzima ukawa mzito. Dobi naye akajikuta hataki kumshusha.

Mara mteja akabisha hodi. "Meneja yuko wapi leo? Koti langu lina doa hapa."

Shuka ikatikisika. Kichwa kikachomoza. "Doa la nini?"

"La chai."

"Ulikunywa vibaya," Meneja akasema, akateremka mikononi mwa baba yake na kwenda kulikagua koti, shuka ikiburuta nyuma yake. Dobi aliinamia ndoo ya wanga asionekane akicheka.

Mambo hayakunyooka siku ile ile. Shuka ziliendelea kulowa kwa muda, na Dobi alizifua bila neno. Mara nyingine Meneja aliomba aviringishwe, naye akaviringishwa. Hata mama mkwe alionekana akimviringisha, tena kwa ustadi, akijifanya anakunja nguo.

Polepole Meneja akaanza kumtembelea mdogo wake kitandani, akimweleza habari za duka: nani kachelewa kuchukua nguo zake, nani kang'oa kifungo. Mtoto alimkodolea macho tu. Asubuhi moja, katikati ya habari ya soksi iliyopotea, mdomo wake ukapanuka.

"Baba! Amenicheka!"

Dobi akaja mbio. "Amekucheka au amekuchekea?"

Meneja akamtazama tena mdogo wake kwa makini, jinsi alivyotazama madoa.

"Amenichekea," akasema. "Mimi. Wewe bado."