Saa ya Mama Mkubwa Iliyong'arishwa

Mama mkubwa alipika kwenye kambi ya watalii karibu na Sitalike mpaka magoti yakamkatalia. Mgeni mmoja aliyenogewa na maandazi yake alivua saa mkononi siku ya kuondoka, akamvalisha. Ilikuwa saa ya wazamiaji, ya kushuka nayo chini ya bahari. Sasa Katavi bahari iko wapi? Maji yetu ni ya viboko, na kiangazi kikikolea hata hao viboko wanagombania matope. Yeye aliivaa jikoni. Ile pete ya nje inayozunguka, ambayo mzamiaji anapimia muda wake majini, mama mkubwa alipimia maharage.

Alipofariki, siku ya kugawana vitu vyake nilipewa mimi saa, kwa kuwa ndimi ninayebeba jina lake. Sikuivaa. Niliiweka kabatini chini ya vitenge.

Mwaka jana macho ya mama yangu mzazi, mdogo wa marehemu, yakaanza kufunga. Mtoto wa jicho, wakasema hospitalini, apelekwe Mbeya akapasuliwe. Tukaanza kukuna vichwa. Ndipo mdogo wangu aliyeko Dar akanipigia. Alikuwa ameweka mtandaoni picha ya mama mkubwa akiwa na ile saa, na mtu mmoja anayenunua saa za zamani amemfuata mbio. Eti kuna watu wananunua saa za wazamiaji, hawazamii, wala hawazivai, wanazifungia tu zipande bei, kama watu wa Kibaoni wanavyofungia mpunga stoo. Nikamwambia aache utani. Akaapa kwamba saa hiyo ingempeleka mama Mbeya na kumrudisha. Mama mwenyewe tulipomuuliza alikubali, ila aliinamisha kichwa kwanza.

Jamani, mimi nimelelewa. Kwetu hata kuku wa kuuzwa anaoshwa miguu. Kumpelekea mtu wa watu kitu kimepauka, kina mikwaruzo, nukta zake za kuonyesha saa zimegeuka njano, ni kumtukana. Nikaipeleka kwa fundi saa pale mtaa wa Kashaulili, nikamwambia aifanye kama imetoka dukani leo. Na kweli aliiweza. Akasugua mikwaruzo na mapengo yote, akaufuta uso uliopauka akaupaka rangi nyeusi upya, akabadilisha kioo. Nilirudi nyumbani najiona mjanja kuliko ukoo mzima. Nikapiga picha, nikatuma Dar.

Jioni mdogo wangu akapiga.

"Dada, yule bwana alikuwa anataka ule uchakavu."

Nilimfanya arudie. Akaeleza kwamba ile rangi iliyopauka yenyewe ndiyo ilikuwa mali, na zile nukta za njano, na mikwaruzo. Sasa haitaki hata bure. Mpaka leo sielewi. Gari kuukuu ni mzigo, bati kuukuu linavuja, shati kuukuu tunafanya dekio, ila saa kuukuu ukiisafisha umeiua? Nilirudi kwa fundi kuuliza kama anaweza kunirudishia uchafu wangu. Aliniangalia kama mtu mwenye homa. Nilikasirika, halafu sikujua nimkasirikie nani: fundi alifanya nilichomtuma, mnunuzi hakunidanganya, na mimi nilitaka heshima tu.

Ikabidi nimwambie mama. Nilimkuta kibarazani, amekaa na uso wake umeelekea barabarani ambako haoni kitu. Nikamwekea saa kiganjani. Akapitisha kidole gumba kwenye ile pete, akaizungusha, akapitisha tena polepole. Akaigeuza nyuma, akapapasa na huko.

"Hii siyo," akasema. "Ya dada ina pengo hapa, aliigonga kwenye jiwe la kusagia nikiwa naye. Kabla hamjaiuza, mwanangu, niletee ile niishike."

Akanirudishia. Nikasema sawa mama, nikaingia nayo ndani.