Povu Lenye Meno

Dada yangu ana kazi ambayo mama hajaielewa mpaka leo. Kampuni yake inatengeneza matangazo, lakini yeye hachori wala haandiki. Anakaa katikati: anamsikiliza mteja, anawapelekea wachoraji maneno yake, kisha anarudi na manung'uniko yao. Ofisini wanamwita Mama Marekebisho. Wakimwona mlangoni na karatasi mkononi, kila mtu ghafla ana shughuli. Mimi ni fundi cherehani, ndimi ninayemfuata kuzaliwa, na kwa hasira hatupishani sana. Haya ninayoyasema nayasema nikiwa nimekasirika, na sioni sababu ya kungoja hasira zipoe.

Kazini kwao wana mchezo. Mteja akiomba mchoro, wanampelekea miwili: mmoja walioutolea jasho, na mwingine wa hovyo uliochorwa makusudi huku wakicheka. Huo wa hovyo wanauita kafara. Mteja akiuona anashtuka, anaukimbilia ule mzuri, na anaondoka akijiona ana jicho kali. Dada alishasema mara nyingi kwamba huko ni kumfanya mtu mzima mtoto mdogo. Mkurugenzi humjibu kwamba wateja hawajui wanachotaka, wanasaidiwa tu.

Basi akaja mzee wa sabuni. Alianza kwa kukoroga sabuni kwenye pipa nyuma ya nyumba yake, sasa ana kiwanda kidogo, na alitaka lebo mpya ya pakiti. Wakamchorea moja safi ya buluu, yenye beseni na shati jeupe. Kafara yake ilikuwa povu la zambarau lenye macho, tai shingoni na meno mdomo mzima. Mzee akatazama, akatikisa kichwa, akaweka kidole juu ya povu.

"Hili. Chapisheni hili."

Unadhani kuna aliyekohoa? Mkurugenzi alisema, "Chaguo zuri sana, mzee." Mchoraji, aliyelichora dude lile huku machozi ya kicheko yakimtoka, akaongeza kwamba lina mvuto. Kikao kilipokwisha, dada akamfuata mkurugenzi kwenye korido.

"Bosi, tumwambie. Mzee wa watu anaenda kuchekwa madukani."

"Mteja kashaamua. Ukienda kumwambia tulimchorea utani, usirudi hapa."

Jioni alikuja moja kwa moja ninaposhonea, akakaa juu ya rundo la vitambaa vya watu, akanisimulia yote. Mshahara wake ndio unaolipa nyumba tunayokaa na mama. Cherehani yangu inaleta mboga tu.

"Wewe mteja akichagua kitambaa kisichomfaa, unafanyaje?"

"Namwambia. Akinuna, anune. Akikivaa watu watauliza fundi ni nani."

Nilitaka kumwomba afumbe mdomo, maana tutakula nini? Lakini nilikuwa nimeshajibu.

Asubuhi akaenda kiwandani. Mzee alikuwa amevaa viatu vya mpira, unga wa sabuni umemjaa mikononi. Dada akamweleza yote, kafara na vicheko. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akatabasamu.

"Binti yangu, unadhani mimi kipofu? Lile dude hata mjukuu wangu angelikimbia. Nilitaka nione nani atanikataza. Wote mkakaa pale mnanisifia!"

Mtu mwingine angesimulia kwamba dada alishusha pumzi na kucheka. Thubutu! Hasira zilimpanda mpaka masikio yakawaka moto.

"Kumbe ulikuwa unatupima? Heshima yako ipo palepale, mzee, lakini leo utanisikiliza. Wao wamekudanganya, wewe umewadanganya, halafu anayepoteza kazi ni mimi! Si ungesema tu kwamba ni baya?"

Tabasamu likamtoka mzee. Akamvutia kiti.

"Hapo umenishika," alisema.

Akampigia mkurugenzi simu palepale. Ichapishwe ile ya buluu. Kuanzia sasa anataka mchoro mmoja tu, na anataka kukaa na anayeuchora, wabishane ana kwa ana. Na binti huyu asiguswe.

Niliposikia hivyo niliimba nikishona, mjinga mimi. Kesho yake mkurugenzi aliita watu wote, akamsifu dada, akampa meza ya karibu na dirisha. Kisha akatangaza:

"Kuanzia leo, mteja akihitaji kuambiwa ukweli, hiyo ni kazi ya Mama Marekebisho. Sisi wengine tuendelee na zetu."

Wakapiga makofi. Mchoraji wa povu ndiye aliyepiga kwa nguvu zaidi.

Dada alifika nyumbani, akavua kiatu kimoja, akakibamiza ukutani.

"Wamenipandisha cheo," alisema, akainama kuvua cha pili.