Mbura wa Mama Mkwe

Tangu mke wa shemeji yangu aletwe pale nyumbani Murungu, roho yangu haikutulia. Yeye alikulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na Kirundi chake na Kiha cha mama mkwe ni chanda na pete. Mimi ni mtoto wa duka la Kasulu mjini, najua Kiswahili tu. Wakicheka jikoni, nilijua wananicheka mimi.

Jioni moja walirudi na kikapu cha mabura, matunda ya porini ya rangi ya kahawia ambayo harufu yake hujaza nyumba nzima. Nikauliza wametoka wapi.

"Hapo tu," akajibu mwenzangu, huyo mke wa shemeji.

Hapo tu! Miaka yote niliyoishi pale sikuwahi kuonyeshwa mti huo, na yeye hata mvua mbili hajamaliza. Tulipokwisha kuyala, wakavunja kokwa kwa jiwe, wakatwanga mbegu za ndani na kuziunga kwenye mboga kama karanga. Mboga ilikuwa tamu, na utamu wenyewe ukaniudhi.

Kesho yake nikafuata nyayo zao hadi bondeni. Niliukwea mti ule wa mbura nikiwa na kanga zangu, nikautikisa kwa hasira. Tawi likapasuka, gome likachunika, lakini beseni langu lilijaa. Nikalitua miguuni pa mama mkwe nikijiona mshindi.

Aliminya moja, akacheka mpaka akakaa chini. "Mwana wanje, mwanangu, mabura hayatikiswi! Yanaanguka yenyewe, yanaivia chini kwenye majani. Haya yatabaki mawe."

Mwenzangu naye akacheka, akaongeza kwamba mvumilivu hula mbivu. Nilitamani kumpiga na beseni.

"Umeukwea?" mama akauliza. Nikasema ndiyo, na tawi moja limepasuka. Kicheko kikamkauka. Akachukua panga, akaniambia nimfuate, nami nikajua nakwenda kugombezwa mbali na watu.

Kule bondeni alilichuna taratibu lile gome lililokuwa likining'inia, kisha akapaka udongo penye kidonda cha mti.

"Hili tunachemsha, tumbo likisokota. Mti mzima hatuuchuni, tunangoja upepo uvunje tawi. Leo upepo ni wewe." Akanifungia lile gome kwenye pindo la kanga. "Hili mwenzio sijamwonyesha."

Tuliporudi, mwenzangu alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mmetoka wapi?"

Nikalikaza fundo la kanga yangu.

"Hapo tu," nikasema.